Ukiwa na deni, hukopeshwi gari?

Tandahimba, wilaya ya wakulima wa korosho mkoani Mtwara, utasikia: "Nina deni benki, jina limechafuka, gari hata lililotumika nisahau." Sivyo. Taarifa za wakopaji hukusanywa chini ya kanuni za Benki Kuu za 2012, nazo hubeba yote: marejesho uliyolipa kwa wakati na uliyochelewesha. Deni unalolipa vizuri linakutetea. Kulikimbia ndiko kunakokuumiza.

Shida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni korosho. Fedha zake huja kwa msimu, kuanzia kama Oktoba, ilhali rejesho hudaiwa kila mwezi. (Machi mfukoni kuna nini?) Zungumza hilo kabla ya kusaini. Kadi ya gari atakaa nayo mkopeshaji, na ukishindwa kulipa, gari litauzwa. Bei isipotosha, kwa kawaida salio utaendelea kudaiwa.