Katuni si aina ya kipindi, jamani

Nimeandikiwa tena. Safari hii ni mzazi, tena kwa adabu zote: "Mkuu, naona mmekosea. BoJack Horseman ni katuni lakini mmeiweka kwenye tamthilia za watu wazima. Irudisheni kwa watoto."

Irudisheni! Kana kwamba iliwahi kuwa huko. Ningemsikiliza, mwanawe angekaa mkekani amtazame farasi mlevi akiwaharibia maisha wote wanaompenda, misimu sita mfululizo.

Kazi yangu ni kupanga vipindi vya televisheni kwenye makundi ili anayetafuta apate. Lalamiko hili nimelipokea kwa sura nyingi mno. Leo nalijibu mara moja, na atakayeniandikia kesho nitamtumia hapa.

Katuni ni mbinu. Inakuambia picha ilivyotengenezwa: kuna mtu amechora, au kompyuta imechora, au kinyago cha udongo kimesogezwa kidogo kidogo huku kikipigwa picha. Ndani mna nini, haikuambii. Unaweza kuchora mazishi, vita, talaka, mapishi. Ukimwambia mtu "ni katuni" ukaishia hapo, umemweleza jalada ukamnyima kitabu.

Na si kweli kwamba zilianza kwa watoto halafu watu wazima wakazivamia. Katuni ya The Flintstones ilianza kurushwa na kituo cha ABC cha Marekani mwaka 1960, Ijumaa usiku, muda wa watu waliokwisha kutoka kazini. Miongoni mwa wadhamini wake wa mwanzo ilikuwa sigara ya Winston. Lipo tangazo moja la wakati huo ambalo huwa nawaonyesha wanaobisha: wake wawili wanahangaika na kazi za nyumbani, waume zao Fred na Barney, wahusika wa katuni hiyo, wanawatazama, wanakubaliana kwamba inauma kuwaona wakichoka hivyo, basi wanazunguka nyuma ya nyumba wasiwaone, wanawasha sigara. Wahusika wale wale, sauti zile zile. Niambie, hilo nalo niliweke kwa watoto?

Kilichotokea ni ratiba. Katikati ya miaka ya 1960 vituo vya Marekani vilianza kurundika katuni Jumamosi asubuhi, muda ambao watoto ndio waliokaa mbele ya televisheni, na kizazi kizima kikakua kikiamini kwamba kilichochorwa ni cha kwake. Mazoea ya ratiba yakageuka kuwa tafsiri ya neno. Wenye mazoea hayo leo wana wajukuu, na bado wananiandikia.

Japani haikupita njia hiyo. Tetsuwan Atomu, ile inayojulikana kwingine kama Astro Boy, ilianza Januari 1963 na kweli ililenga watoto. Lakini Sazae-san, iliyoanza 1969 na inarushwa hadi leo Jumapili jioni, ni maisha ya kawaida ya familia moja: mama, baba, babu, bibi, samaki, ugomvi mdogo wa sebuleni. Ingeigizwa na watu wa damu na nyama ungeiita vichekesho vya familia bila kufikiri mara mbili. Halafu Wajapani wenyewe wakisema "anime" wanamaanisha katuni yoyote, ya kwao au ya kutoka nje. Sisi tulio nje tumelichukua neno tukalifanya jina la aina, na hapo ndipo ninapotaka kung'oa nywele: naletewa orodha ambayo "anime" ni kundi moja, ndani yake mna hadithi ya mapenzi ya shuleni, ya mauaji, ya mpira wa kikapu na ya mtu anayepika. Zinafanana nini? Zilipotoka.

Na wale wanaojiona wajuzi zaidi huniletea "shonen" na "seinen". Ndugu yangu, hayo nayo si aina za hadithi. Yalitoka kwenye majarida ya manga, yaani hadithi za picha za Kijapani, na yanataja msomaji aliyekusudiwa, kijana wa kiume au mwanamume mtu mzima. Ni swali jingine kabisa, swali la hadhira.

Ndiyo maana kadi yangu ya kila kipindi haina sanduku moja la "aina". Nauliza kinaisha au hakiishi. Nauliza kimetengenezwaje. Nauliza kinataka mtazamaji acheke, aogope, alie au ajifunze. Na nauliza kimekusudiwa nani. Kosa la mzazi aliyeniandikia ni kujibu swali la nne kwa jibu la pili. Wala hakosei kwa kila katuni, maana zipo tele zilizotengenezwa kwa watoto. Anakosea kwa kudhani jibu moja linaburuta jingine.

Mwenye shaka atazame Walking with Dinosaurs ya BBC, 1999. Dinosaria wale ni wa kompyuta, wakichanganywa na vibaraka vya mashine kwa picha za karibu. Kwa mbinu, sehemu kubwa ya ile kazi ni katuni. Lakini kwa kuwa kuna msimulizi mwenye sauti nzito, sijawahi kupokea barua ya kuitaka ihamie kwa watoto. Sauti nzito ina nguvu, naona.

Kuhusu kinachoisha na kisichoisha nitapita haraka, ni rahisi: telenovela imeandikwa ifike mwisho, lakini Coronation Street ya Uingereza imo hewani tangu 1960 na hakuna anayeingoja imalizike. Usiziweke pamoja kwa sababu zote zina mapenzi na vilio.

Sasa urefu. "Nusu saa ni vichekesho, saa nzima ni tamthilia nzito." Hilo nalo nalisikia sana, na siwezi kulicheka kwa nguvu kwa sababu wakubwa walilifanya kanuni. Mwaka 2015 waandaaji wa Emmy, tuzo za televisheni za Marekani, waliamua hivyo hivyo, kwa dakika, labda mtayarishaji aombe kuhamishwa na akubaliwe. Matokeo yake Uzo Aduba alishinda 2014 upande wa vichekesho na 2015 upande wa tamthilia, kwa mhusika yule yule katika Orange Is the New Black. Kanuni ya dakika ikaondolewa kabla ya tuzo za 2022. Mwaka 2024 The Bear ikazoa tuzo 11 upande wa vichekesho, na watu wakauliza kicheko kiko wapi. Kuondoa saa ya ukutani hakukuwapa kipimo kingine.

Wala mimi sina. Swali langu la tatu, lile la kicheko na kilio, ndilo bovu kuliko yote, na ndilo watu wanalotafutia zaidi. Mchukue huyo huyo BoJack. Katika msimu wa tano kuna sehemu ambayo karibu yote ni yeye amesimama kando ya jeneza akimzungumzia mama yake aliyekufa. Hakuna kingine. Anatania, hakuna anayecheka, anajaribu tena, na taratibu unagundua kwamba anatafuta ushahidi wowote kuwa mama huyo aliwahi kumwona. Nilikuwa na koo zito. Mwishoni anafunua jeneza, anakuta amekosea chumba, ameongea muda wote huo mbele ya wafiwa wa watu wengine. Nikaangua kicheko.

Kadi yake nimeibadilisha mara tatu. Ilianza kwenye vichekesho, ikaenda tamthilia, ikarudi vichekesho, na sasa iko tamthilia tena, kama mzazi yule alivyoikuta. Akiikuta imehama ajue ni mimi, na kwamba haikwenda kwa watoto.