Saratani ya tumbo: tumbo lipi, na kati ya nani?

Juzi kwenye daladala ya Posta, mtangazaji wa redio kasema wagonjwa wengi wanaopigwa mionzi wana "saratani ya tumbo", kwa hiyo Watanzania tupunguze pilipili. Mama wa siti ya mbele akaguna: "Hee! Mimi bila pilipili chakula hakishuki." Nikameza maneno. Leo nayatema.

Saratani za mfumo wa chakula ni zile zinazoota popote kwenye njia ya chakula, toka umio (bomba linaloshusha chakula toka kooni) hadi mkunduni, pamoja na ini, nyongo na kongosho. Basi.

Kinachotuponza ni neno tumbo. Kwetu tumbo ni nyumba nzima, na papo hapo ni chumba kimoja ndani ya nyumba hiyo. Mjamzito ana tumbo, anayeharisha tumbo linamsumbua, ndugu wa damu ni wa tumbo moja, na hakuna hapo anayekitaja kile kifuko kinachopokea chakula. Ongeza u- upate utumbo, kitu kingine kabisa. Muuza supu wa Buguruni hakosei: ukiagiza utumbo hakuletei maini. Sisi tukifika kwenye saratani, vyote tunatia sufuria moja. Ndugu yangu mmoja majirani walisema ana saratani ya tumbo. Ugali ulianza kumkwama, akahamia kwenye uji, mwisho hata maji yakawa yanarudi. Ulikuwa umio. Tumbo lake lilikuwa zima, lina njaa tu.

Na umio si wa kupuuzwa: ukanda huu wa kwetu, toka Ethiopia kushuka hadi Malawi, unajulikana duniani kwa saratani hiyo. Wengi hufika wamechelewa, na mionzi hupigwa angalau njia ifunguke, chakula kipite.

La pili ni hilo "wagonjwa wa mionzi". Foleni ya mionzi si mtaa. Imeshachujwa na ugonjwa wenyewe: saratani ya puru, ile sehemu ya mwisho kabla ya mkundu, mara nyingi hupigwa mionzi kabla ya upasuaji ili uvimbe usinyae, lakini ile ya utumbo mpana, hatua chache tu juu yake, kwa kawaida huishia kwa kisu na dawa za dripu. Ini huletwa kwa nadra. Halafu imechujwa na nauli. Kwa miaka mingi taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ilikuwa peke yake nchini kwa mionzi, baadaye hospitali ya Bugando kule Mwanza ikafuata. Aliyeshindwa kutoka kijijini kwao hayumo kwenye hesabu. Tena saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ikishakua kupita uwezo wa kisu mionzi ndiyo tegemeo lake kubwa, hujaza foleni. Wakiongezeka wagonjwa wake, asilimia ya hizi za chakula inashuka bila hata mmoja wao kupona.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, sema "miongoni mwa waliofika kupata mionzi", kisha taja kiungo: umio, puru, ini. Pilipili ya yule mama iache. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Ukitaka kumwonya, muulize chai yake anainywa ikiwa ya moto kiasi gani.