Umevuta Mwezi? Usichemshe Chochote

Swali la taroti, zile karata za picha tunazozisoma mezani, limenifikia tena, safari hii kwa ujumbe wa sauti: "Dada, nimevuta kadi ya Mwezi mara mbili mfululizo. Orodha inasema mmea wake ni ule wenye maua meupe marefu yanayoning'inia, yananukia usiku. Sisi tunao hapa uani. Nichemshe majani au maua?"

Usichemshe majani. Usichemshe maua. Mizizi na mbegu pia uziache zilivyo. Kichaka hicho, ambacho watu wa Nairobi hukipanda getini kwa uzuri wake, kina atropini na skopolamini, sumu zile zile zilizomo kwenye mnanaha. Mdomo hukauka, mboni za macho hupanuka, moyo huenda mbio, mtu akaanza kuzungumza na wasiokuwepo, na wengine hufa. Kama kuna aliyekwisha kunywa, funga ukurasa huu umpeleke hospitali sasa hivi.

Waliobaki, njooni tugombane na hiyo orodha.

Mnaijua. Kadi upande huu, mmea upande ule, inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na kila anayeipokea anaongezea wake. Imani inayoisindikiza ni kwamba kila kadi ina dawa yake, na ukiivuta, mwili wako unaidai dawa hiyo. Mimi ninasoma taroti kwa miti na mimea, ndiyo njia yangu ya kila siku, na ndiyo maana jambo hili linanikera kuliko wanaosema tunafuga majini. Wa majini angalau hawanywi kitu.

Historia nitaipitia mbio. Karata hizi zilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, na zilikuwa za kucheza. Hazikuwa na dawa wala utabiri. Mwaka 1781 Mfaransa Court de Gébelin akatangaza kwamba zimebeba hekima ya Misri ya kale, wakati ambapo hakuna mtu Ulaya aliyeweza kusoma maandishi ya Misri ya kale. Mwaka 1909 ikatoka London seti ambayo wengi wetu tunaitumia, Arthur Waite akiwa na mawazo yake na Pamela Colman Smith akiwa na kalamu. Zote ni kadi 78. Basi.

Mimea ya ile orodha ilitoka wapi? Shika uzi huu pole pole. Mwaka 1652 Nicholas Culpeper, mtu wa mitishamba wa London, alichapisha kitabu ambamo karibu kila mmea ulipewa sayari inayoutawala. Rozimari akaipa Jua. Mrehani akaupa Mirihi, chini ya nyota ya Nge. Hakuwa na habari na taroti hata kidogo. Mwaka 1888, huko huko London, ilianzishwa jumuiya ya siri ya Golden Dawn, nayo ikazigawia kadi 22 za Arkana Kuu, yaani zile kadi zenye majina kama Mwezi na Kifo, sayari, nyota na elementi zake (moto, maji, hewa). Baadaye wakaja watu wenye gundi. Mmea una sayari, sayari ina kadi, kwa hiyo mmea una kadi. Huo ndio msingi wote wa orodha yako: mifumo miwili iliyotengenezwa mbali mbali kwa zaidi ya miaka 200, ikabandikwa.

Na hata kubandika hawakubandika vizuri. Golden Dawn hawakuipa kadi ya Mwezi ule mwezi wa angani. Waliupeleka kwa kadi nyingine, Kuhani wa Kike. Kadi ya Mwezi ikapata nyota ya Samaki. Kwa hiyo anayekuambia mimea ya mwezi ni ya kadi ya Mwezi hajui hata mfumo anaoutegemea. Amesoma jina la kadi, akatafuta ua jeupe linalonukia usiku, akaridhika, na wewe sasa umesimama jikoni na sufuria ya sumu. Tazama kadi yenyewe: mbwa, mbwa mwitu, kamba anayetoka majini, minara miwili, njia inayopotelea milimani. Hilo ua lako liko wapi hapo?

Orodha nyingine huupa Mwezi ule mmea wa ndoto wa Ulaya wa jamii ya artemisia, na hapa Nairobi ukiuliza artemisia utauziwa nyingine, ile inayolimwa kwa ajili ya dawa ya malaria. Hizo ni spishi mbili tofauti. Mama mjamzito akae mbali na zote mbili asipoambiwa vinginevyo na daktari. Na kama una malaria, Shirika la Afya Duniani haliungi mkono kuitibu kwa chai ya majani hayo. Kameze dawa uliyopimiwa. Kadi haina habari na homa yako.

Sasa mrehani, maana hapo ndipo ninapopoteza subira kabisa. Fuata gundi: mrehani ni wa Mirihi na Nge, Nge kwenye kadi za Golden Dawn ni Kifo, basi mrehani ni mmea wa Kifo. Inaonekana safi. Sasa mwambie hivyo mteja aliyelelewa Mji wa Kale, Mombasa. Niliwahi kukaa mezani na mama mmoja wa huko, siku hizi anaishi South C, aliyekuwa ameisoma orodha hiyo kabla ya kuja. Ilipotoka kadi ya Kifo alicheka. "Mwanangu, mrehani tunautia kwenye kikuba cha bibi harusi. Nani amewaambia ni wa maiti?" Asumini, waridi, mrehani: kwake harufu hiyo ni nguo mpya, ngoma na mashangazi. Hakuna Mwingereza wa 1652 atakayemng'oa hapo, na sioni kwa nini ajaribu. Culpeper mwenyewe alikiri kwamba waandishi waliomtangulia walikuwa wakigombana juu ya mrehani, wengine wakiusifu na wengine wakiuogopa. Orodha imetupa ugomvi, imebakisha hukumu.

Isitoshe, Kifo kina ua lake, limechorwa waziwazi: waridi jeupe kwenye bendera nyeusi ya yule mpanda farasi. Hili ndilo ninalotaka wanafunzi wangu walifanye kabla ya kufungua simu. Ufuate mmea ndani ya kadi zenyewe. Waridi jeupe ulikwisha kuliona, kwenye kadi ya Mpumbavu, mkononi mwake, anayetembea kuelekea ukingo wa genge bila wasiwasi. Kwa hiyo anayeanza safari na anayekuja kuifunga wamebeba ua moja. Ukiwa na kadi hizo mbili katika mtandazo mmoja, yaani zimepangwa pamoja mezani, una mazungumzo ya saa nzima, na hujagusa birika.

Komamanga ni hivyo hivyo. Nyuma ya Kuhani wa Kike kuna pazia lililojaa makomamanga, yamefunika kitu ambacho huruhusiwi kukiona. Geuza kadi moja mbele: Malkia Mkuu ameketi, na makomamanga yako kwenye gauni lake. Kilichokuwa kimefichwa sasa kinavaliwa mchana. Mbele yake kuna ngano iliyokomaa, ambayo vitabu husema ni neema na uzazi, na ambayo mteja wangu wa Nairobi huitazama akakumbuka bei ya unga wa chapati. Simrekebishi. Neema ikipanda bei, hiyo nayo ni habari ya Malkia Mkuu.

Misimu nairuka. Vitabu hugawa makundi manne ya kadi zilizobaki, Fimbo, Vikombe, Panga na Sarafu, katika misimu minne ya Ulaya. Sisi tuna masika, vuli na ile baridi ya Julai. Anayekuahidi kazi "wakati wa majani kupukutika" muulize ni mwezi gani.

Sasa kuna wanaoniambia: kama mimea ya kadi ni ya kigeni, badilisha, weka ya kwetu. Hapo ninasitasita. Wakati wa ujenzi wa barabara ya juu mwaka 2020, mti mkubwa wa mugumo ulioko Waiyaki Way ulinusurika kukatwa baada ya watu kupiga kelele, na tangu hapo kila mwezi kuna mtu anayetaka mugumo uwe ndio mti wa kadi ya Mtu Aliyening'inizwa. Ninaelewa kwa nini. Colman Smith alichora mti ulio hai, wenye majani, na mtu ametundikwa bila kuonekana kuteseka. Lakini mugumo una wenyewe. Wazee wa Agikuyu walisali na kutoa sadaka chini yake, na heshima hiyo haikungoja karata za Italia ili ipate maana. Nikiubandika kwenye kadi namba 12, nimekuwa mtu wa gundi mwingine, tofauti ni kwamba gundi yangu imetengenezwa Kenya. Kwa upande mwingine, mteja akiuona mugumo pale bila mimi kumtajia, siwezi kumwambia hauoni. Nimeliacha lilivyo: silitaji mimi, akilitaja yeye nalifuata. Kama huo ni msimamo au ni woga, wenzangu tumebishana na hatujamaliza.

Na kwa kuwa nimeanza kusema yasiyosemwa: sina hakika kwamba kadi zinajua kitu chochote. Zinachanganywa, zinatoka zinavyotoka. Ninachokiona mezani ni mtu aliyekuwa amefunga mdomo akianza kusema kwa sababu ameona ua. Hilo linanitosha kufanya kazi, halinitoshi kumwandikia mtu dawa, na sidhani linapaswa kumtosha yeyote. Harufu ni shauri lingine. Ukitaka kuweka tawi la mrehani mezani au kufukiza ubani, karibu, mradi dirisha liwe wazi na mwenye pumu aulizwe kwanza.

Mkitaka zoezi, chukueni Saba ya Sarafu. Mkulima ameegemea jembe lake, anatazama kichaka chenye sarafu. Ni mmea gani? Wengi husema mzabibu, nami nimewahi kusikia chai, kahawa na hata sukuma wiki. Vitabu vinasema kadi hii ni subira. Mzee mmoja kutoka Kirinyaga aliishika karibu na miwani, akaigeuza huku na huku, akasema, "Huyu hajasubiri. Huyu amechoka, na anapiga hesabu kama ang'oe." Kisha akaniambia kuhusu kahawa yake, na kuhusu wanawe wawili wanaotaka shamba ligawanywe vipande vya kuuza kabla ya Desemba.