Je, wajua kwa nini Daniel Boone alifungua njia ya Kentucky lakini akafa bila shamba huko?

Mmarekani akizungumzia walowezi wa mpakani wa karne ya 18, jina la kwanza kutajwa huwa la Daniel Boone. Mwaka 1775 aliongoza watu wapatao 30 wenye mashoka, wakakata njia kupitia pengo la milima la Cumberland hadi ukingoni mwa mto Kentucky. Maelfu kwa maelfu ya familia walifuata nyayo zao. Kuna wakati madai yake ya ardhi huko yalifikia makumi ya maelfu ya ekari. Hata hivyo, alipofariki Missouri tarehe 26 Septemba 1820, hakuwa na ekari hata moja Kentucky. Zilikwenda wapi?

Jibu lililozoeleka linamtazama mtu na tabia yake. Boone, wanasema, alikuwa mtu wa porini asiyetaka majirani; akiona moshi wa jirani anafunga virago na kusonga magharibi, na mambo ya hati hayakumhusu. Jibu hilo limekosea karibu kila kipande chake, na inafaa kulibomoa taratibu kwa sababu limefunika jambo la kustaajabisha zaidi.

Kwanza kofia anayochorwa nayo. Ile ya ngozi ya rakuni, mnyama mdogo wa Marekani, yenye mkia kisogoni ilimkaa vichwani mwa watu kwa msaada wa tamthilia ya televisheni ya miaka ya 1960. Boone mwenyewe alivaa pama. Upweke nao ulisambaa kupitia kitabu alichochapisha John Filson mwaka 1784, ambamo Boone anasimulia maisha yake kwa lugha ya kifalsafa ambayo dhahiri ni ya Filson. Tukumbuke kwamba Filson alikuwa na ardhi yake Kentucky na alitaka wahamiaji waje. Hadithi ya shujaa peke yake katika pepo ya kijani ilikuwa tangazo zuri la biashara.

Sasa mtu mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1734 Pennsylvania katika familia ya Waquaker, yaani dhehebu la Marafiki ambalo watu wa magharibi mwa Kenya wanalifahamu vyema. Baba yake, Squire Boone, alikuwa mfumaji nguo na mhunzi. Mwaka 1750 ukoo ulihamia bonde la Yadkin, North Carolina, na tarehe 14 Agosti 1756 Daniel akamwoa Rebecca Bryan. Walizaa watoto kumi, wa kwanza mwaka 1757 na wa mwisho, Nathan, mwaka 1781, na juu ya hao wakalea yatima wa upande wa Rebecca.

Ni kweli Boone alikuwa akitoweka miezi mingi. Safari ya kwanza ndefu ya Kentucky ilianza mwaka 1769 akarudi 1771. Lakini hiyo ilikuwa kazi: ngozi za kulungu ziliuzwa, na ndizo zilizolipa baruti, risasi, chumvi na madeni dukani. Nyuma yake Rebecca alisimamia mahindi, kitani, ng'ombe na watoto. Na kila walipohama, walihama kiukoo, akina Boone na akina Bryan pamoja, wakwe na wajukuu. Hata ile kazi ya kukata njia mwaka 1775 haikuwa ya wanaume watupu: binti yao Susannah, mwenye umri wa miaka 14 na aliyeolewa mwezi huohuo, alikwenda na mumewe, pamoja na mwanamke mmoja mtumwa.

Gharama ya kifamilia ilikuwa nzito. Oktoba 1773, katika jaribio la kwanza la kuhamia Kentucky, mwana mkubwa James aliuawa pamoja na wenzake njiani. Julai 1776 binti yao Jemima na wasichana wawili wa familia ya Callaway walitekwa wakiwa ndani ya mtumbwi karibu na ngome ya Boonesborough, wakaokolewa siku ya tatu. Februari 1778 Boone alitekwa na Washawnee, kabila la wenyeji wa asili, wakati yeye na wenzake walipokuwa kwenye kazi ya kuchemsha maji ya chumvi Blue Licks. Rebecca, akiamini mumewe amekufa, alirudi North Carolina na watoto, isipokuwa Jemima aliyebaki ngomeni. Agosti 1782 mwana wa pili, Israel, aliuawa katika mapigano ya Blue Licks. Kwa Washawnee hayo yote yalikuwa ulinzi wa mawindo yao: ardhi ile ilikuwa imeuzwa na makabila mengine, Wairokwa mwaka 1768 na baadhi ya Wacherokee mwaka 1775, wao hawakuulizwa.

Isitoshe, huyu anayedaiwa kukimbia watu alichaguliwa mara tatu kuwa mjumbe wa baraza la Virginia (Kentucky ilikuwa sehemu ya Virginia hadi mwaka 1792), alikuwa ofisa wa wanamgambo, aliendesha nyumba ya wageni huko Limestone kwenye mto Ohio, aliuza farasi na mizizi ya ginseng, alimiliki watumwa kama majirani zake wenye nafasi, na alikuwa naibu mpima ardhi wa kaunti ya Fayette. Alikuwa ndani kabisa ya biashara ya ardhi. Alikosa ardhi akiwa anaitafuta kwa nguvu zote, na kilichomshinda ni namna Virginia ilivyoigawa.

Kampuni ya ardhi ya Transylvania ya Richard Henderson, iliyomtuma Boone kukata njia, ilikuwa imemwahidi ardhi. Mwaka 1778 Virginia ilibatilisha ununuzi wa Henderson kutoka kwa Wacherokee, na ahadi hiyo ikafa nao. Mwaka uliofuata Virginia ikatunga sheria yake. Aliyekuwa amekaa Kentucky mwaka mzima au kuvuna zao la mahindi kabla ya tarehe 1 Januari 1778 alistahili ekari 400, pamoja na haki ya kununua nyingine 1,000 zilizopakana nazo kabla ya mtu mwingine. Asiyekuwa na haki hiyo alinunua hati ya hazina, pauni 40 za noti kwa kila ekari 100. Noti zilikuwa zikiporomoka thamani, kwa hiyo walanguzi waliokuwa mbali, wengine wasioijua Kentucky kabisa, walinunua hati kwa wingi.

Hapa ndipo penye kitendawili chenyewe. Hati ya hazina haikutaja mahali popote. Ilisema tu kwamba mwenye karatasi hii anastahili ekari kadhaa za ardhi isiyo na mwenyewe. Serikali haikupima nchi kwanza ikakata viwanja na kuvipa namba. Kila mwenye karatasi alijitafutia mwenyewe, kwa umbo alilotaka, kisha akapitia hatua zifuatazo.

Aliandikisha dai kwenye daftari la mpima wa kaunti, akieleza ardhi iko wapi. Sheria ilitaka maelezo yawe bayana kiasi cha kumwezesha mtu mwingine kujua dai linaishia wapi, ili naye achukue kilichobaki. Kisha ardhi ilipimwa. Mchoro na maelezo ya mipaka vilipelekwa ofisi ya ardhi ya Virginia, mamia ya kilomita ng'ambo ya milima, pamoja na ada. Ukapita muda wa mtu yeyote kuweka pingamizi. Mwisho gavana akasaini hati miliki.

Kila hatua ilikuwa na mahali pa kuvunjika, na ya kwanza ndiyo iliyovunja wengi. Dai la kawaida lilisomeka hivi: ekari 1,000 kwenye vijito vya mto Licking, zikijumuisha chemchemi ndogo na vichaka vilivyochanjwa. Mto una vijito kadhaa, kila kijito kina chemchemi, na vichaka huota upya. Aliyeandika alijua kabisa mahali pake. Aliyesoma daftari miaka mitatu baadaye hakuweza kujua.

Upimaji nao. Kundi lilikuwa na mpima mwenye dira, washika mnyororo wawili na mtu wa kuchanja miti. Kipimo kilikuwa poli, futi 16 na nusu, karibu mita 5. Poli 160 za mraba ni ekari moja, kwa hiyo ekari 400 zikiwa mraba zinahitaji upande wa poli 253 hivi, mita 1,270 kwa miguu, mara nne, ndani ya msitu na mianzi, mwaka ambao kulikuwa na vita. Mnyororo ulitakiwa ushikwe sawasawa hata mlimani. Ukilazwa juu ya mteremko wa nyuzi 20, kila mita 100 unazohesabu ni mita 94 tu za ardhi bapa. Pete za mnyororo zikilika, mnyororo unarefuka. Dira nayo husoma kaskazini ya sumaku, ambayo huhama mwaka hadi mwaka, na bunduki ikiwa karibu sindano inavutwa. Kosa la nyuzi moja kwenye mstari wa maili moja linakutoa mita 28 nje. Kona zenyewe zilikuwa miti: anza kwenye mwaloni mweupe, nenda poli kadhaa hadi mijozi miwili. Mwaloni ukianguka au ukikatwa kuni, kona imekwenda.

Matokeo yake yalifanana na paa la makuti. Kuti moja hulazwa juu ya jingine, la tatu likafunika nusu ya mawili, na ukitazama kutoka juu huwezi kusema lipi lilianza bila kuinua moja moja. Kentucky ilifunikwa na madai namna hiyo. Mahakama ndiyo iliyoinua makuti, na iliinua kwa kanuni mbili zilizopingana. Mahakama ya sheria ilimpa ushindi mwenye hati miliki ya zamani zaidi. Mahakama ya haki iliweza kuupindua ushindi huo kama mpinzani alionyesha dai lililoandikishwa mapema na kwa maelezo bayana. Kwa hiyo kuwa na hati yenye saini ya gavana hakukumaliza jambo. Mtu angeweza kufyeka, kujenga, kulima miaka kumi, kisha akatokea mgeni na karatasi kutoka mashariki, na shauri likategemea kama kichaka fulani kilijulikana na majirani mwaka 1780.

Boone aliingia kwenye mtambo huu akiwa na udhaifu katika kila kona. Mwaka 1780 aliondoka kwenda Virginia na fedha zake na za jamaa na marafiki, inakadiriwa dola 20,000 hivi za noti, ili awanunulie hati. Akiwa amelala katika nyumba ya wageni njiani, zikaibwa zote. Wengine walimsamehe, wengine akawalipa kwa miaka kadhaa. Kama mpima, alilipwa mara nyingi kwa sehemu ya ardhi aliyoipima badala ya fedha taslimu, kwa hiyo dosari ya upimaji ilimrudia mwenyewe kama mmiliki. Kama muuzaji, aliwaahidi wanunuzi kwamba hati itasimama, na iliposhindwa mahakamani walimdai yeye fidia. Akauza ardhi nzuri kufidia ardhi mbovu. Nyingine zilipotea kwa kutolipiwa kodi au kwa kutokamilisha hatua za mwisho kwa wakati. Nadhani hapa ndipo tabia yake ina sehemu: alikuwa hodari msituni na mzembe mezani, na hakupenda kushtaki. Lakini mabingwa wa karatasi nao walipoteza, kwa hiyo tabia peke yake haitoshi kueleza.

Mwaka 1798 Kentucky ilitoa hati ya kumkamata kwa kutofika mahakamani kutoa ushahidi katika kesi. Mwaka huohuo ikaipa kaunti mpya jina lake.

Mwaka 1799 alihamia Missouri, wakati huo chini ya Hispania, akafuatana na Rebecca, wana na mabinti na familia zao. Wahispania walimpa arpenti 1,000, karibu ekari 850, na kumfanya msimamizi wa wilaya ya Femme Osage. Masharti yalikuwa kuishi juu ya ardhi, kuilima na kuithibitisha hati New Orleans. Aliambiwa kwamba cheo chake kinamwondolea ulazima huo. Marekani iliponunua Louisiana mwaka 1803, makamishna wapya walisoma masharti kama yalivyoandikwa, na ardhi ikaenda. Rebecca alifariki tarehe 18 Machi 1813. Mwaka 1814 Bunge la Marekani lilimrudishia Boone eneo lile la Wahispania kwa sheria maalumu, naye akaliuza kulipa wadai wa Kentucky waliokuwa bado wanamfuata. Miaka yake ya mwisho aliishi kwa watoto wake, na alifia nyumbani kwa Nathan.

Hakuwa peke yake. Thomas Lincoln, baba wa Rais Abraham Lincoln, aliondoka Kentucky mwaka 1816 kwenda Indiana, na mwanawe aliandika baadaye kwamba utumwa ulichangia lakini sababu kubwa ilikuwa ugumu wa hati za ardhi. Indiana ilikuwa imepimwa kwanza na kuuzwa baadaye, kwa sheria ya mwaka 1785: miraba ya maili sita kwa sita, kila mmoja vipande 36 vya ekari 640 vyenye namba. Sehemu kubwa ya Kentucky haikupimwa upya kwa mtindo huo. Sehemu kubwa ya mashamba yake hadi leo yanaelezwa kwa mwelekeo na umbali kutoka kona hadi kona, na hati za enzi ya Virginia, mialoni na mijozi yake ikiwa imeandikwa kwa mkono, zimehifadhiwa katika ofisi ya ardhi ya jimbo huko Frankfort, ambako wapima wa leo bado huzitafuta mipaka inapogombaniwa.