Hati kuwa kabatini kwako hakukufanyi mwenye nyumba

"Mkataba ninao, wakili ameshagonga muhuri, mwenyekiti wa mtaa amesaini, na hati orijino iko kabatini kwangu. Jina nitabadilisha baadaye." Nimechoka kuyasikia maneno haya. Yanasemwa Isyesye na Iwambi hapa Mbeya, yanasemwa Kihesa na Mwangata kule Iringa, na anayeyasema mara nyingi ametoka kumaliza akiba yake yote. Basi leo nayajibu kwa maandishi.

Kwa kiwanja kilichopimwa na kusajiliwa, mwenye nyumba ni yule ambaye jina lake limo kwenye daftari la Msajili wa Hati. Hati uliyoifungia kabatini inaeleza kilichomo daftarini, na daftarini bado yumo aliyekuuzia. Mkataba wa mauziano, hata ukiwa na mihuri mitano, unakupa haki ya kumdai muuzaji akukabidhi milki. Milki yenyewe inahama pale uhamisho unaposajiliwa.

Sasa tuangalie hiyo "baadaye" inavyokula watu.

Muuzaji akifariki, hakuna wa kukusainia. Inabidi ndugu wafungue mirathi, mahakama imteue msimamizi, jina la msimamizi liingie daftarini, ndipo yeye akuhamishie wewe. Watoto wakigombana, au wakisema baba hakuwahi kuwaambia kuwa ameuza, unasubiri nao mpaka wamalize ugomvi usiokuhusu. Muuzaji akishindwa kesi ya madai, mdai wake anakwenda kwa Msajili, anakuta nyumba ina jina la mdaiwa, anaomba ikamatwe. Wewe utapeleka pingamizi ukiwa na mkataba wako mkononi, na utaanza kueleza kwa nini miaka sita hukusajili. Na muuzaji asiye mwaminifu anaweza kuripoti polisi kwamba hati imepotea, akaapa, tangazo likatoka kwenye Gazeti la Serikali, akapewa hati nyingine. Utaratibu huo umewekwa kwa sababu hati hupotea kweli. Ni wanunuzi wangapi wanalisoma Gazeti la Serikali?

Wapo wanaojihami kwa kumsainisha muuzaji Fomu Na. 35, ile ya uhamisho, bila tarehe, wakaihifadhi pamoja na picha zake za pasipoti. Jamani! Fomu hiyo haitembei peke yake. Inakwenda na Fomu Na. 29 ya taarifa, Na. 30 ya maombi ya kibali, taarifa ya uthamini iliyoidhinishwa, stakabadhi za pango la ardhi hadi mwaka husika, na cheti cha TRA kwamba kodi ya muuzaji imelipwa. TRA watamtaka muuzaji na TIN yake. Na ukijaza tarehe ya leo juu ya saini ya mtu aliyezikwa mwaka juzi, hiyo ni kughushi, hata kama alisaini kwa hiari yake na fedha alipokea.

LUKU nipite haraka. Kodi ya jengo kukatwa kwenye umeme unaonunua wewe haithibitishi umiliki, kwa sababu hata mpangaji anakatwa.

Kwenye ridhaa ya mwenza nitakaa kidogo, maana ndipo mauziano mengi yanapovunjikia. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Mke akiweka zuio kwa Msajili, yaani pingamizi linaloandikwa daftarini, uhamisho unasimama. Muuzaji akikwambia hana mke, ataleta hati ya kiapo, na ofisini itapokelewa. Mimi siiamini peke yake. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 160, inasema waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kama mke na mume wanadhaniwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo nenda kwa majirani, uliza nani anaishi humo ndani na nani anakusanya kodi ya vyumba vya uani. Kama ana wake wawili, chukua ridhaa ya wote wawili. Wenzangu wengine wanaona ridhaa ya mke wa pili ni kuzidisha kama nyumba ni ya mke mkubwa. Huenda wana hoja, lakini saini moja zaidi haijawahi kuharibu mauziano.

Kodi: TRA hawachukui asilimia 10 ya bei. Wanachukua asilimia 10 ya faida kwa muuzaji mkaazi. Nyumba iliyokugharimu milioni 40 ukaiuza milioni 65, faida ni milioni 25, kodi ni milioni 2.5, ilimradi una risiti za ujenzi. Kama uliimiliki na kuishi humo miaka mitatu au zaidi na faida haizidi milioni 15, uliza kuhusu msamaha kabla hujalipa. Ushuru wa stempu, asilimia 1, ni wa mnunuzi. Kuandika bei ndogo kwenye mkataba hakusaidii, mthamini anakwenda kuiona nyumba, na mkigombana utakuwa unadai milioni 30 ulizoandika badala ya 65 ulizotoa.

Kwenye maeneo yasiyopimwa, kule juu chini ya mlima Loleza, daftari la Msajili halina habari za nyumba hiyo. Hapo karatasi ya mauziano iliyosainiwa ofisi ya mtaa ina uzito kama ushahidi, na saini za majirani wa pande zote nne zina uzito kuliko ya mwenyekiti. Asilimia kumi ya bei anayodai mwenyekiti ofisini haipo kwenye Sheria ya Ardhi. Pima mita 60 kutoka kwenye mto na mita 30 kutoka katikati ya barabara kuu ya Zambia, uone nyumba haimo ndani ya hifadhi ya mto au ya barabara. Na ukitoka mjini ukaingia ardhi ya kijiji, mwenyekiti pekee hana mamlaka, ni Halmashauri ya Kijiji kwa kikao chenye muhtasari.

Linalonisumbua mimi mwenyewe ni fedha zikae wapi kati ya kusaini na kusajili. Muuzaji hataki kusaini bila fedha, mnunuzi hataki kulipa bila jina. Kuzilaza kwenye akaunti ya wateja ya wakili kunafaa kama wote wawili wanamwamini, na si kila mara wanamwamini. Kinachofanya kazi zaidi ni kugawa malipo: kiasi kidogo baada ya upekuzi rasmi kwa Msajili (kuangalia daftarini ni jina la nani limo na kama kuna zuio), kiasi kikubwa fomu zote zikishasainiwa na ridhaa ya mwenza ikiwepo, na sehemu inayouma, walau ile ya kodi ya muuzaji na zaidi kidogo, ibaki mpaka usajili ukamilike. Muuzaji anayedai hiyo sehemu atajibu simu. Upekuzi urudie siku ile unayotoa kiasi kikubwa, kwa sababu zuio linaweza kuwa limeingia wiki iliyopita.