Methadoni na "lile jambo": maswali ninayoulizwa dirishani kliniki, Tanga

Sista, tangu nianze methadoni ya kuachia unga wa heroini, mke wangu nalala naye kama dada yangu. Ni dawa hii?
Inawezekana. Methadoni ni jamii moja na unga, mofini na tramadoli. Zikitumika miezi mingi, ubongo hupunguza amri unazoyapa korodani za kutengeneza testosteroni, homoni ya kiume. Hamu hupotea, kusimama huwa kwa taabu, uchovu na huzuni huzidi, hata mifupa hudhoofika. Unga nao ulikufanyia hivyohivyo, ila siku zile ulikuwa unawaza kete tu.

Basi niiache?
Usiache.

Hata wiki moja, nipime tu?
Hata siku tatu. Najua hadithi yenu. Mtu wa Makorora anajifungia ndani, arosto ya kukosa dawa inambana, anarudi kijiweni na kujidunga kipimo chake cha zamani. Mwili ulishakisahau. Pumzi inakata. Usiache methadoni kwa uamuzi wako, kaka yangu, hata akikushauri rafiki aliyeacha akapona.

Barazani wananiambia nimeze tramadoli, inachelewesha kumaliza.
Inachelewesha, ndiyo, na homoni inazidi kushuka. Ukiimeza juu ya methadoni unaweza kupata degedege au kulala usiamke. Na vumbi la Kongo, ile poda ya nguvu za kiume, usiniulize. Hata anayekuuzia hajui kilichomo.

Sasa nifanye nini?
Mwambie daktari wa kliniki. Atakutoa damu asubuhi, saa mbili hadi saa nne, kwa sababu homoni hii hushuka kadiri siku inavyokwenda. Kipimo hurudiwa siku nyingine. Msije saa nane mchana mkitoka kwenye samaki, halafu mkalalamika mmerudishwa.

Ikikutwa imeshuka?
Daktari anaweza kupunguza dozi kidogokidogo, au kukuhamishia buprenofini ikiwepo. Hiyo haiisumbui sana homoni. Wengine hupewa testosteroni ya sindano au ya kupaka. Unatafuta mtoto? Sema kabla ya sindano, maana testosteroni ya kuongezwa huzima mbegu. Mwenye saratani ya tezi dume hapewi. Anayepewa hupimwa damu mara kwa mara isije ikawa nzito. Sindano za kuchomana jimu hazina hayo yote.

Naona haya kumwambia daktari.
Niambie mimi, hapa dirishani. Sema "lile jambo" tu, nitaelewa, nitakupeleka. Lakini kwanza shika kikombe chako, unywe dozi ya leo nikikuona.