Dhambi ya mauti, dhambi ndogo, na yale tunayonong'onezana kwenye foleni ya kitubio

Juma Kuu likifika, foleni ya kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre, huzunguka kanisa. Kaa kwenye benchi la nje dakika kumi tu, utasikia karibu dhana zote hizi.

“Nimetenda dhambi ya mauti, roho yangu imeshakufa.” Roho haifi, hata mwili ukizikwa. Kinachokufa ni uzima wa neema ya utakaso, yaani uhai wa Mungu, ndani yake. Alama ya ubatizo haifutwi na dhambi yoyote, ndiyo maana anayerudi habatizwi upya, anaungama. Tena dhambi haiwi ya mauti kirahisi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 1857, inataka mambo matatu kwa pamoja: jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue vema kuwa ni ovu, na alikubali kwa hiari yake. Mama aliyekosa Misa ya Jumapili kwa kuuguza mtoto hana cha kuungama hapo, ingawa wengi huliungama hilo kila mwezi.

“Dhambi ndogo mia moja zinafanya moja kubwa.” Hiyo ni hesabu ya daftari la mkopo dukani. Hazijumlishwi hivyo, ila zinazoeleka: aliyezoea kudanganya bei kwa shilingi mia hashtuki siku akidanganya kwa laki. Na Komunyo yenyewe hufuta dhambi ndogo, kwa hiyo kubaki umekaa wenzako wakienda kukomunika, kwa sababu asubuhi ulimjibu jirani ovyo ni kuikimbia dawa.

“Wazo baya limenipitia, nimeshakosa.” Kishawishi si dhambi mpaka ukikubali. Basi.

Dhana sugu kuliko zote ni hii: “Padre kanipa maondoleo, yameisha.” Dhambi imesamehewa kweli, na adhabu ya milele imeondoka nayo. Madhara bado yapo. Chukua mweka hazina wa kikoba aliyechota laki tatu. Ameungama kwa majuto ya kweli, amesamehewa. Lakini kuna mwanachama ambaye ada ya mwanawe ilikuwa humo, na mkono wa mweka hazina umeshaijua njia ya sandukuni. Mwelekeo huo wa ndani ndio Kanisa linasema lazima utakaswe, hapa duniani kwa sala, kufunga na matendo ya huruma, au baada ya kufa, toharani. Malipizi ya Salamu Maria tatu anayopewa na padre ni mwanzo tu wa kazi hiyo.

Na fedha zirudi. Halazimiki kusimama mbele ya kikoba ajitangaze. Anaweza kuzirudisha kimyakimya, kwa mkono wa mtu mwingine, hata kidogo kidogo kama hana zote. Padre hatamsemea neno: siri ya kitubio imemfunga mdomo, hata siku akialikwa harusini na kukalishwa meza moja na wanakikoba wale wale.